Na Mama Yao Yuko Wapi? Malezi ya Vifaranga kwa Kambare wa Pangoni



Siku ya wazazi iliyopita, wageni wengi walisimama mbele ya tangi la kioo lililoko katika chumba chetu cha mapumziko. Humo tunafuga samaki wachache, na siku ile mmoja wao alikuwa amejificha ndani ya chungu kidogo cha udongo kilicholazwa ubavu. Tuliwaeleza wageni kwamba huyo ni dume, kwamba analinda mayai, na kwamba kwa siku kadhaa hajatoka kula. Watu walifurahi. Ndipo mama mmoja, mzazi wa frateri wa mwaka wa pili, akauliza, "Na mama yao yuko wapi?"

Tulimjibu haraka, "Yule pale kwenye gogo, mama. Akishataga, basi, hana habari nao tena. Amewatelekeza."

Yule mama alimtazama jike kwa muda, kisha akasema taratibu, "Wanangu, mna hakika? Pengine amefanya kazi ambayo ninyi hamjaiona."

Hatukuwa na hakika. Tulikuwa tumesema kile tu kilichoonekana juu juu. Somo la leo limezaliwa na swali lile, na tumeliandika pia kama jibu letu kwa mama huyo, baada ya kusoma na kuangalia vizuri zaidi.

Neno malezi tunalitumia kila siku seminarini na majumbani. Leo tunaliangalia kwa kiumbe asiyejua kulitamka. Mwisho wa somo hili msomaji aweze kueleza mambo matatu: hatua ambazo mayai na vifaranga wa samaki huyu hupitia pangoni, kazi ya dume na kazi ya jike, na mambo ambayo mfugaji anapaswa kufanya na kuacha.

1. Samaki huyu ni nani?

Tunapotaja kambare, wengi wetu tunamfikiria yule wa mabwawa na mito yetu, mwenye ngozi nyeusi inayoteleza, asiye na magamba, mwenye ndevu ndefu mdomoni. Samaki wa somo letu ni ndugu yake wa mbali, na nyumbani kwake ni Amerika ya Kusini. Wanasayansi humwita Ancistrus. Jina hilo ni la kundi zima lenye spishi nyingi, linaloishi katika mito ya nchi za joto za bara lile na kufika hadi Panama. Kundi hilo nalo liko ndani ya familia kubwa ya Loricariidae, yenye spishi zaidi ya 900.

Mwili wake umefunikwa na vibamba vya mfupa vilivyopangwa kama vigae vya paa. Mdomo wake uko chini ya kichwa na una umbo la kikombe. Kwa mdomo huo hujishikilia kwenye jiwe hata maji yakienda kasi, na kwa mdomo huo huo hukwangua mwani. Wale wanaofugwa kwa kawaida hufikia urefu wa sentimita 12 hivi. Wafugaji wa samaki wa mapambo duniani kote wanampenda kwa sababu anasafisha kioo na hana makuu.

Dume na jike ni rahisi kuwatofautisha wakishakomaa. Puani mwa dume huota vinyama laini vyenye matawi, mfano wa mizizi midogo. Jike hana vinyama hivyo, au anavyo vichache na vifupi ukingoni mwa mdomo tu. Dume pia ana miiba midogo mashavuni, ambayo huitokeza nje anapogombana na dume mwenzake kwa ajili ya pango.

2. Samaki hawalei kwa njia moja

Kabla ya kuingia pangoni, tujikumbushe samaki tunaowajua. Kambare wetu wa bwawani husubiri mvua. Maji yakifurika majanini, jike hutaga maelfu ya mayai, dume huyarutubisha, na wote wawili huondoka. Usalama wa kizazi chao uko katika wingi wa mayai. Wengi wataliwa, wachache watabaki.

Sato hufanya kinyume. Jike huyakusanya mayai mdomoni na kuyatunza humo mpaka vifaranga waweze kuogelea. Hata baada ya hapo, hatari ikitokea, hukimbilia tena mdomoni mwa mama. Muda huo wote mama hali, au anakula kidogo sana.

Katika Ziwa Nyasa yuko kambare aitwaye Bagrus meridionalis, ambaye upande wa Malawi anajulikana kama kampango. Hao hulea wote wawili, baba na mama. Huchimba kiota chini ya maji na kuwalinda vifaranga kwa muda mrefu, na jike huwalisha mayai anayoyataga kwa ajili ya chakula tu.

Kwa hiyo tukiuliza, "Samaki hulea vipi?", jibu la kweli ni kwamba inategemea ni samaki gani, anaishi wapi, na hatari ya mahali pale ni ipi. Sasa tumwangalie yule wa pangoni.

3. Hatua kwa hatua ndani ya pango

Kuchagua pango. Mtoni, dume hutafuta tundu katika gogo lililooza au katika ukingo wa udongo. Tangini hutumia chungu kilicholazwa, kifuu cha nazi kilichotobolewa, au kipande cha bomba la plastiki kilichozibwa upande mmoja. Hapendi pango pana. Analolitaka ni lile linalomtosha yeye na kubakiza nafasi kidogo, lenye mlango mmoja. Sababu yake ni rahisi kuiona: mlango ukiwa mmoja, na mwili wake ukiujaza mlango huo, adui hana pa kupita.

Kutaga. Jike mwenye mayai huja na kulikagua pango. Mara nyingi wafugaji wameona kwamba kubadilisha sehemu ya maji na kuweka maji yenye ubaridi kidogo huwaamsha samaki hawa, kana kwamba mvua imenyesha. Jike akikubali, huingia na kutaga mayai ya rangi ya chungwa yaliyogandana kama kishada cha zabibu na kunata kwenye ukuta wa pango. Tangini huwa kati ya 50 na 100, pengine zaidi. Dume huyarutubisha, kisha jike hutoka, na mara nyingi dume ndiye anayemsukuma nje. Tangu hapo pango ni la dume.

Kupepea. Hapa ndipo kazi kubwa ya baba ilipo. Yai linapumua. Hewa ya oksijeni iliyomo ndani ya maji hupita kwenye ganda lake laini. Lakini kishada cha mayai kiko pangoni, mahali ambapo maji yametulia, na mayai ya katikati yamezungukwa na wenzake yanayopumua pia. Maji yasipobadilishwa, yale ya ndani yatakufa. Ndiyo maana dume hupiga mapezi na mkia usiku na mchana, akiingiza maji mapya na kutoa yaliyotumika.

Kusafisha. Yai lisilorutubishwa hugeuka jeupe, na kuvu huota juu yake kama pamba. Kuvu huyo husambaa hadi kwa mayai mazima ya jirani. Dume huyapitia mayai kwa mdomo wake na kuyaondoa yaliyoharibika.

Kuanguliwa. Katika maji ya nyuzi 26 hivi za Selsiasi, mayai huanguliwa baada ya siku 5 hivi. Maji yakiwa na ubaridi zaidi, huchelewa. Anayetoka hana sura ya samaki bado. Ni mkia mdogo uliobandikwa kwenye mfuko mkubwa wa rangi ya chungwa. Mfuko huo ndio kiini cha yai. Kifaranga hujishikilia ukutani kwa mdomo wake na kukaa hapo, na baba huendelea kupepea.

Kutoka. Kwa muda wa siku nyingine 5 hadi 7 mfuko hupungua kidogo kidogo mpaka kuisha. Wakati huo kifaranga amepata umbo la wazazi wake, mdogo sana lakini kamili. Chakula cha mfukoni kikiisha, njaa humtoa nje. Vifaranga huanza kuonekana kwenye kioo, mmoja, kisha watano, kisha hawahesabiki. Ulezi wa baba umekwisha.

4. Jibu la swali la mama

Sasa turudi kwenye lile swali. Msomaji makini ameshaona kitu katika hatua tulizozitaja. Kwa siku zile 10 au 12, baba amepepea, amesafisha, amelinda, lakini hakuna mahali aliposhika chakula na kumpa mtoto. Hawalishi. Je, wanakula nini?

Wanakula kiini cha yai, na kiini kimetoka kwa mama. Kabla hajaingia pangoni, jike alikula mwani na mabaki ya mimea kwa wiki nyingi, akageuza chakula hicho kuwa akiba, akaigawa akiba hiyo katika kila yai moja moja. Mayai yake ni makubwa kwa samaki mdogo kama yeye, nayo ni machache ukilinganisha na maelfu ya kambare wa bwawani. Kila yai limefungiwa chakula cha kumtosha mtoto mpaka siku ya kutoka.

Kwa hiyo siku ile mbele ya wageni tulikosea. Tulimwona dume kazini kwa sababu kazi yake hufanyika mbele ya macho. Kazi ya jike ilikuwa imekwisha kufanyika, nasi tulikuwa tunaitazama bila kuitambua: ile rangi ya chungwa iliyojaa kwenye matumbo ya vifaranga. Na alipokuwa kwenye gogo akikwangua mwani, hakuwa amekaa bure. Alikuwa anarudisha nguvu na kuanza kutengeneza mayai mengine.

Tunakushukuru, mama, na tunaomba radhi kwa lile neno "amewatelekeza".

5. Kwa nini abaki dume?

Miongoni mwa samaki wenye mifupa wanaolea watoto wao, mara nyingi mlezi ni dume peke yake. Wanasayansi wanatoa sababu kadhaa, nazo zinaonekana wazi kwa Ancistrus.

Kwanza, dume tayari ni mwenye pango. Hata bila mayai angelilinda. Pili, kumpepea mmoja na kuwapepea mia moja ni kazi ile ile. Dume mmoja anaweza kulinda pamoja mayai ya majike zaidi ya mmoja, na katika pango moja huweza kukutwa mayai na vifaranga wa umri tofauti. Tatu, jike anahitaji chakula kingi ili atage tena. Angefungwa mlangoni na njaa, kizazi kinachofuata kingechelewa.

Hata vile vinyama vya puani huenda vinahusika. Mwaka 1999 wataalamu Mark Sabaj, Jonathan Armbruster na Lawrence Page walitoa dhana kwamba vinyama hivyo vinafanana na vifaranga, na kwamba jike huvutwa na dume anayeonekana kama ana watoto tayari, kwa kuwa hiyo ni dalili ya mlezi. Ni dhana, na wengine wana maelezo yao, lakini inaonyesha jinsi ambavyo malezi yanaweza kuacha alama hata katika sura ya kiumbe.

6. Makosa yetu matatu

Tusingependa msomaji adhani kwamba tulifaulu tangu mwanzo. Tulipoteza mayai mara mbili na vifaranga mara moja, na kila mara kosa lilikuwa na fundisho.

Mara ya kwanza tulikuta mayai nje ya chungu, yamekuwa meupe. Dume alikuwa mchanga, na chungu kilikuwa kipana mno kwake. Tulimlaumu na kutaka kumbadilisha. Mfugaji mmoja mzoefu alitushauri tumwache, tumpe pango dogo zaidi, na tusubiri, kwa kuwa madume wengi huharibu mayai yao ya kwanza. Ushauri wake ulikuwa sahihi.

Mara ya pili kosa lilikuwa letu kabisa. Tulikuwa na furaha mno. Kila aliyepita chumbani alitaka kuona, nasi tulikinyanyua chungu na kumulika kwa tochi, asubuhi, mchana na jioni. Siku ya tatu pango lilikuwa tupu. Dume anayesumbuliwa sana huweza kuyaacha mayai, au hata kuyala. Tulidhani tunajali, kumbe tunaharibu.

Mara ya tatu tuliweka kitambaa upande ule wa tangi na kukubaliana kwamba hakuna atakayegusa chungu. Vifaranga walitoka salama, karibu 60. Tukashangilia, tukawapa chakula kingi cha unga. Hawakukimaliza. Kikaoza usiku, maji yakachafuka, na kabla ya wiki 2 kwisha zaidi ya nusu walikuwa wamekufa. Tulifikiri ulezi umekwisha kwa sababu baba amemaliza kazi yake. Kumbe ndiyo kwanza zamu yetu ilikuwa inaanza.

7. Zamu ya mfugaji

Kutokana na makosa hayo tumejiwekea utaratibu ufuatao, ambao unaweza kumsaidia yeyote mwenye tangi nyumbani, shuleni au parokiani.

Wakati baba yuko pangoni: usihamishe chungu, usimulike, usiwatoe samaki wengine kwa fujo. Hakikisha pampu ya hewa inafanya kazi, kwa kuwa maji ya joto hubeba oksijeni kidogo kuliko maji baridi. Dume asipotoka kula, usiwe na wasiwasi. Atakula baadaye.

Baba akiyaacha mayai: yanaweza kuwekwa katika kisanduku ndani ya tangi, karibu na mapovu ya pampu, ili maji yasogee. Hapo mapovu yanachukua nafasi ya mapezi. Lakini mapovu hayawezi kutambua yai lililokufa. Kazi hiyo itabidi uifanye mwenyewe, kila siku, kwa mkono mwepesi.

Vifaranga wakitoka: wape kipande kidogo cha tango au cha mboga ya majani iliyochemshwa kidogo mpaka ikalainika, na ukiondoe kabla hakijaoza. Waache na kipande cha gogo safi, kwa kuwa wanapenda kukwangua juu yake. Badilisha sehemu ndogo ya maji mara kwa mara, kwa maji yenye joto linalolingana na ya tangini, na kama ni ya bomba yenye klorini, yaondolewe klorini kwanza. Ziba mdomo wa chujio kwa sponji ili wasivutwe ndani.

Na usizalishe zaidi ya unavyoweza kutunza. Jozi moja inaweza kutaga tena na tena, na tangi halipanuki. Wala usiwamwage waliozidi mtoni au ziwani. Samaki wa kigeni akishaingia katika maji yetu ni vigumu sana kumwondoa, na anaweza kuwadhuru samaki wenyeji.

8. Angalizo kwa anayetafuta mfano

Baadhi yetu tuko katika mazoezi ya mahubiri, na mfano wa baba mlangoni unavutia. Tunaomba anayeutumia autumie wote. Dume huyu huyu humsukuma jike nje. Huweza kuyala mayai yake akisumbuliwa. Vifaranga wakishatoka hawalindi tena, na pango linamsubiri jike mwingine. Yeye anaongozwa na silika. Hastahili sifa ya mtakatifu wala lawama ya mwovu, kama vile jike hakustahili lawama tuliyompa.

Kinachotuhusu zaidi ni sisi tunaotazama. Tulitoa hukumu juu ya mama kwa kuona nusu ya jambo, kisha mzazi mmoja akatuuliza swali moja la upole. Parokiani na katika jumuiya zetu ndogo ndogo tunakutana na familia ambazo sisi tunaziona kwa dakika chache tu za ziara. Yuko anayeonekana mlangoni, na yuko aliyeweka akiba kabla hatujafika. Kabla ya kusema nani amemtelekeza nani, tuulize kwanza watoto wanakula nini na kimetoka wapi.

Tunapoandika makala hii, chungu kina mayai tena. Kitambaa kiko mahali pake, na tochi imefungiwa kabatini.

Maswali ya kujadili

1. Eleza tofauti ya malezi kati ya kambare wa bwawani, sato, na kambare wa pangoni. Kila njia ina faida gani na hasara gani?

2. Kwa nini mayai ya katikati ya kishada yako katika hatari kubwa kuliko ya pembeni? Dume hufanya nini kuhusu hatari hiyo?

3. Katika makosa matatu tuliyoyataja, ni lipi lingekuwa rahisi kwako kulifanya? Kwa nini?

4. Taja mfano mmoja wa malezi katika familia au jumuiya yako ambayo hayaonekani kwa mgeni. Ungemsaidiaje mgeni ayaone?